Yamaha YZ250X au YZ250FX: ipi ya kuchagua kwa mbio za nyika?

Anayetafuta pikipiki ya mbio za nyika hachelewi kukutana na swali hili: anunue ya mipigo miwili, ambayo injini yake inachoma mafuta kila mzunguko, au ya mipigo minne, inayochoma mzunguko mmoja kati ya miwili? Majibu mengi anayopewa ni ya ushabiki. Aliyekulia kwenye mipigo miwili atamwambia hakuna pikipiki nyingine duniani. Aliyezoea mipigo minne atamwambia ile nyingine ni kelele na moshi mtupu. Hakuna kati ya hayo linalomsaidia mtu mwenye fedha za pikipiki moja tu.

Ninazilinganisha Yamaha hizi mbili, YZ250X ya mipigo miwili na YZ250FX ya mipigo minne (nitaziita X na FX), kwa makusudi. Zimetokana na pikipiki za motokrosi (mbio za uwanja uliotengenezwa, wenye miruko) za kampuni hiyohiyo, YZ250 na YZ250F, zikabadilishwa kwa ajili ya safari ndefu za porini. Zote zina fremu ya alumini, shokapu za mbele za kampuni ya KYB zinazotumia springi, gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18, stendi ya pembeni, na gia zilizoachanishwa zaidi kuliko za motokrosi. FX ilitoka kama toleo la 2015, X ikafuata kama toleo la 2016. Kinachozitenganisha hasa ni injini, na injini ndiyo inayoamua utakuwa katika hali gani saa ya mwisho ya mbio. Mimi pikipiki za aina hii huzipima kwa saa hiyo. Saa ya kwanza kila pikipiki ni nzuri.

Kazi inayoisubiri

Mbio za nyika si motokrosi iliyorefushwa. Katika mfululizo wa mbio za nyika uitwao GNCC nchini Marekani, madereva wa kulipwa hukimbia kama saa tatu mfululizo, na wengi wa ridhaa kama saa mbili, kwenye mzunguko mrefu unaopita msituni, kwenye malisho, vijito, matope na miinuko ya mizizi na mawe. Hakuna mapumziko katikati isipokuwa sekunde za kutia mafuta. Njia inazidi kuharibika kila mzunguko, kwa hiyo wakati mwili umechoka ndipo mifereji ya matairi imekuwa mirefu na mizizi imechubuliwa ganda.

Ndiyo sababu ya gurudumu la nyuma la inchi 18 badala ya 19 ya motokrosi: ukuta wa tairi unakuwa mrefu zaidi, unameza jiwe kabla jiwe halijaifikia rimu. Shokapu hulainishwa ili mikono isife mapema. Pikipiki ya enduro ni jamaa wa karibu wa hizi lakini si yeye. Enduro ina taa na mara nyingi inasajiliwa kwa barabara. X na FX hazina taa wala ruhusa ya barabarani. Unazibeba hadi porini, unazishusha, unakimbia.

Injini mbili zinavyotembea

X ina silinda moja ya sentimita za ujazo 249, yenye kipenyo cha milimita 66.4 na mwendo wa pistoni wa milimita 72. Kabureta, kiki, basi. Yamaha walipoitoa kwenye YZ250 walipunguza mgandamizo, wakabadilisha mpangilio wa valvu ya eksozi na wa cheche, ili nguvu ianzie chini na ipande polepole. Hii ni tofauti kubwa na watu wengi hawaijui. Wanaoiogopa mipigo miwili huwa na picha ya pikipiki inayolala kisha inaamka kwa kishindo na kukutupa nyuma. X haifanyi hivyo. Ina nguvu nyingi, lakini inakupa kwa utaratibu, na ukiihitaji yote unaigusa klachi kidogo kwa kidole kimoja inakuja mara moja.

FX ni ya sentimita za ujazo 250, kipenyo milimita 77 na mwendo milimita 53.6, valvu nne za titani, mafuta yanapulizwa kwa kompyuta, gia sita, na inawaka kwa kitufe. Silinda yake imeinamia nyuma na hewa inaingilia mbele, kwa hiyo chujio la hewa liko juu, karibu na mahali ambapo pikipiki nyingine huweka kifuniko cha tangi. Kulifikia ni dakika moja, jambo utakaloshukuru unapofanya servisi usiku wa kuamkia mbio. Tangi lenyewe, kuanzia toleo la 2020, linachukua lita 8.2.

Sasa chukua mwinuko wa mizizi iliyolowa, ule ambao tairi ya nyuma inatafuta mahali pa kushika na haioni. FX inaupenda. Nguvu inakuja taratibu, tairi inapata nafasi ya kuuma, na ukitulia na kuacha mkono wa mafuta ukae mahali pamoja inapanda yenyewe. X kwenye mwinuko huohuo inakudai usikivu: ukivuta mafuta kwa pupa tairi inazunguka bure, inachimba, inateleza kando. Mwenye mkono mwepesi ataupanda vizuri, pengine haraka zaidi, kwa sababu anaweza kuinua gurudumu la mbele juu ya mzizi kwa mguso mdogo tu wa klachi. Lakini lazima awe na mkono huo, na awe bado nao baada ya saa mbili.

Kwenye mteremko hali inageuka kwa namna nyingine. Ukiachia mafuta kwenye FX, injini yenyewe inakuwa breki, gurudumu la nyuma linatulia. Mgeni anajisikia salama. X ukiiachia mafuta inaendelea kuteleza kama vile iko huru, kazi yote ya kupunguza mwendo inabaki kwa breki na mwili wako. Baadhi ya madereva wazoefu wanaupenda uhuru huo, kwa sababu gurudumu la nyuma halifungi wala halirukiruki kwenye mawe. Aliyezoea pikipiki za kawaida za mipigo minne ataona kama breki zimepungua. Atahitaji wiki kadhaa za mazoezi kabla mguu wake wa kulia haujajifunza.

Kisha kuna msitu wa miti iliyobanana. Hapa sina mashaka: X inashinda, na inashinda kwa mbali. Ikiwa na vimiminika vyote ina kama kilo 104. FX ina kama kilo 111. Kilo saba kwenye karatasi zinaonekana si kitu. Ila zigeuze mara mia kati ya miti, kisha unyanyue pikipiki iliyolala kwenye matope, utazijua. Zaidi ya hapo, injini ya mipigo minne ina vyuma vingi vinavyozunguka kichwani, kamshafti na cheni yake na valvu, na vyote vikiwa kwenye kasi vinaifanya pikipiki isitake kulala upande kwa wepesi. X unaifikiria kona nayo imeshaingia.

Kwenye malisho ya wazi na njia ndefu zilizonyooka, FX inarudisha deni. Gia sita zinasaidia, na injini yake inapenda kuzunguka juu, zaidi ya mizunguko 13,000 kwa dakika. Ila angalizo moja: mtu akikwambia 250 ya mipigo minne ni pole, ujue anazungumzia robo ya kwanza ya mkono wa mafuta. Ili iende na wenzake lazima uipande juu na kuishikilia huko, na kuishikilia huko kwa saa mbili kunachosha kwa namna yake. Sauti peke yake inachosha.

Kuwasha, mahali penye shida

Mbio nyingi za nyika huanza injini zikiwa zimezimwa. Bendera ikishuka, mstari mzima unawasha kwa pamoja. Mwenye FX anabonyeza kitufe. Mwenye X anapiga kiki, na X ikiwa imetunzwa inawaka kwa kiki ya kwanza au ya pili, hilo si tatizo kubwa.

Tatizo liko juu ya mlima. Umekwama katikati ya mwinuko, pikipiki imezima, mguu wa kushoto uko kwenye jiwe lililolegea na ule wa kulia hauna ardhi chini yake. Kupiga kiki unahitaji kusimama imara upande mmoja, kukunjua mkono wa kiki, kutafuta mahali mgandamizo unapoanza, kisha kushuka kwa uzito wote, huku breki ya mbele imeshikwa pikipiki isirudi nyuma. Fanya hivyo mara moja, sawa. Fanya hivyo saa ya mwisho, huku wenye kitufe wanakupita, ndipo utajua udhaifu mkubwa kuliko wote wa X. Kama urefu wako ni mdogo na siti inakufika kiunoni, lipe jambo hili uzito kuliko lolote lingine katika ulinganisho huu.

FX nayo ina kisa chake. Betri ikifa, matoleo ya 2020 na kuendelea hayana kiki ya kukuokoa. Voltimita kabla ya mbio ni lazima.

Kwenye meza ya fundi

Hapa ndipo ninapowaambia watu wafikirie kwa muda mrefu, maana pikipiki ya mbio utaishi nayo gereji kuliko utakavyoishi nayo porini.

Kubadilisha pistoni ya X ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye vifaa vya kawaida na subira. Unamwaga maji ya rejeta, unaondoa tangi, unafungua bomba la eksozi, unatoa kichwa cha silinda, unainua silinda yenyewe, na pistoni iko mbele ya macho yako. Unaziba shimo la krenki kwa kitambaa safi ili klipu isidumbukie ndani. Unatazama kuta za silinda kwa tochi: zikiwa na michirizi unayoweza kuihisi kwa kucha, silinda inahitaji kazi, zikiwa na mistari hafifu tu iliyopishana, uko salama. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi ndogo ya pini, gasketi mpya, unafunga kwa spana ya torki. Hakuna cheni ya kupangilia muda, hakuna valvu. Mtu anayeanza anaweza kujifunza kwa kusimamiwa mara moja.

FX inadumu zaidi kati ya kufunguliwa na kufunguliwa, na hilo ni kweli watu wasilifiche. Pistoni yake haifanyi kazi kila mzunguko, na ina oili yake ya kulainisha muda wote. Lakini ina mambo mawili yasiyosamehe. La kwanza ni oili: ni kidogo, na ndiyo hiyohiyo inayolainisha klachi, kwa hiyo unga wa klachi unaishia kwenye beringi. Anayeibadilisha kwa uvivu anajitafutia gharama. La pili ni valvu. Valvu za titani ni nyepesi na ngumu juu juu, lakini vumbi likipita kwenye chujio linazila, na zikianza kuliwa, nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu inapungua. Unapima kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), unabadilisha shimu (kisahani cha kurekebisha nafasi hiyo), baada ya muda mfupi imepungua tena. Ikifika hapo ni kuitengeneza sasa, maana valvu ikikatika kwenye kasi ile inaondoka na pistoni, kichwa, na mara nyingine krenki. Bili ya namna hiyo inazidi pistoni kadhaa za X.

Kwa hiyo swali la gharama halina jibu moja. Ukiwa unajifanyia kazi mwenyewe, X ni rahisi kuliko FX bila ubishi. Ukiwa unamlipa fundi kila kitu na unaendesha mara chache kwa mwezi, FX iliyotunziwa oili na chujio itakusumbua mara chache zaidi.

Bomba la eksozi la X nalo lina udhaifu. Tumbo lake limetokeza mbele na pembeni, na mawe yanalipenda. Mkunjo mdogo hauna neno, mkubwa unabadilisha namna injini inavyovuta. Nunua kinga ya bomba siku ileile unayonunua pikipiki.

Mafuta na hewa

X inahitaji uchanganye oili na petroli mwenyewe. Yamaha wanapendekeza sehemu moja ya oili kwa thelathini za petroli, maana yake lita tano za petroli zinapata kama mililita 167 za oili. Si kazi kubwa, lakini lazima awepo mtu makini kwenye kituo chako cha mafuta. Galoni lisiloandikwa kitu ni hatari, kwa sababu petroli tupu itaiua injini hiyo kabla mzunguko haujaisha. Vilevile ikisukumwa sana X inakunywa kuliko FX. Kwa mbio za saa mbili panga kusimama kutia mafuta au weka tangi kubwa zaidi.

Kabureta ina tabia zake. Ukiitoa pikipiki bondeni kwenye joto ukaipeleka milimani, hewa inakuwa nyepesi, mchanganyiko unazidi petroli, injini inakohoa chini na plagi inaloa. Utabadilisha jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) kwa ndogo zaidi na pengine kushusha sindano ya kabureta hatua moja. Wapo wanaoifurahia kazi hiyo, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu pikipiki iliyopangiwa jeti sawasawa inavuta kwa namna ya kuburudisha. Asiyetaka kabisa mambo hayo achukue FX: kompyuta inajirekebisha, na kuanzia toleo la 2020 unaweza kubadilisha ramani ya nguvu kwa simu, ukaweka moja laini ya matope na nyingine kali ya njia kavu, ukazibadilisha kwa kitufe cha mkononi.

Je, zipi nyingine?

Kabla ya kulipa, angalia jirani zake. KTM 300 XC ndiyo mpinzani halisi wa X. Ni mipigo miwili ya sentimita za ujazo 293, kipenyo na mwendo vyote milimita 72, ina kitufe cha kuwashia, klachi ya maji badala ya waya, na matoleo yake ya karibuni yanapuliza mafuta kwa kompyuta. Kwa maneno mengine imefuta karibu kila lawama niliyoitoa juu ya X. Nguvu yake ya chini ni kubwa kiasi kwamba unaweza kukaa gia moja juu na kusahau klachi, na hilo linaokoa mikono. Linaloibakishia X nafasi ni unyenyekevu wake: hakuna pampu ya mafuta, hakuna vihisio, na shokapu zake za springi hazihitaji kupimwa upepo kama za hewa zinazowekwa kwenye XC. Porini, kitu kisichokuwepo hakiharibiki.

Ukiwa mzito au mrefu, 250 ya mipigo minne itakulazimisha kupiga resi muda wote. Tazama KTM 350 XC-F. Ni injini ambayo ina wepesi wa kutosha wa 250 na inavuta kutoka chini. Dereva Kailub Russell alichukua ubingwa wa GNCC mara nane mfululizo, 2013 hadi 2020, akiwa na KTM, na aina hiyo ya pikipiki imejijengea jina kwenye mbio hizo.

Za 450, yaani Yamaha YZ450FX na Honda CRF450RX, ni za kasi ya ajabu kwenye uwanja wazi. Honda hiyo ina tangi la lita 8 na kuanzia 2021 klachi ya maji. Ila simshauri mtu wa mbio zake za kwanza. 450 haichoshi kwa kelele, inachosha kwa kukuvuta mabega, na kwenye msitu wa miti iliyobanana utatumia nusu ya muda ukiizuia.

Ningemshauri nani achukue ipi

Kama njia zako ni za msitu, kona fupi, magogo na mawe, na wewe ni mtu wa kushika spana, chukua X. Itakufundisha klachi na usawa kuliko pikipiki yoyote ya mipigo minne, na saa ya mwisho utakuwa bado unaweza kuigeuza. Ni chaguo langu mwenyewe kati ya hizi mbili, na ningelirudia.

Kama ardhi yako ni ya wazi, au ya utelezi wa udongo mzito, au umetoka kwenye pikipiki za kawaida na hutaki kujifunza upya kushuka milima, chukua FX. Chukua FX pia kama mguu wako wa kiki una jeraha la zamani. Jambo hili watu hulidharau wakati wa kununua, kisha goti linaamka katikati ya msimu.

Kabla ya yote soma madaraja ya mbio unazolenga. Mahali pengine mipigo miwili ya 250 inawekwa pamoja na minne ya 250, pengine inasukumwa kwenye daraja la wazi pamoja na 450. Hilo peke yake linaweza kukuamulia.

Ukinunua iliyotumika, X ichunguze kwa kukamata gurudumu la sumaku upande wa kushoto na kulitikisa juu na chini. Likicheza, beringi za krenki zimechoka. Fungua bomba la eksozi utazame pistoni kupitia tundu la kutokea moshi: iwe na uso laini, isiwe na mikwaruzo ya wima. Kwa FX, muulize muuzaji saa za injini na vipimo vya valvu vya mara ya mwisho. Anayeitunza ameviandika mahali, na atakuonyesha. Kisha fungua chujio la hewa upitishe kidole ndani ya njia ya hewa, nyuma ya chujio. Kidole kikitoka na vumbi, valvu zimeshakula vumbi hilo. Omba punguzo la kichwa kizima cha silinda au tafuta nyingine.